Damu ya Wajina

Majina ya watu wote wa jambo hili ninayo kichwani, na majina ya baba zao, na ya vijiji walikotoka. Sitayaandika. Walio hai wameniomba nisiyaandike, na waliokufa sikuwahi kuwauliza. Nitasema tu mdogo wangu, mjukuu wake, mke wa labo, na mimi.

Mdogo wangu alinifuata ziwa. Tulizaliwa upande huu wa Kasongo, tukakua tukiongea Kizimba nyumbani na Kiswahili sokoni. Yeye aliolewa Kabambare, kwa Wabangubangu, mimi nikabaki. Toka siku hiyo tulionana kwenye vilio na kwenye arusi, na vilio vilikuwa vingi kuliko arusi. Aliniita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, mpaka uzee wake wote, hata alipokuwa na meno machache kuliko mimi.

Mwaka wa pili wa korona alikuja Kasongo kumlilia kaka yetu. Redio ilikuwa imekataza watu kushikana mikono. Lakini utamlilia kaka yako ukiwa umesimama kule ng'ambo ya njia kama mtu anayengoja mvua ipite? Tulishikana. Tulilala kwenye mikeka bega kwa bega, tukala sahani moja. Haikupita wiki mbili tulikuwa tunakohoa watatu: mimi, mdogo wangu, na mjane wa kaka.

Tuliuguzwa nyumbani kwangu, chumba kimoja. Siku moja nilijikokota nikapika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese na samaki mkavu. Mdogo wangu akainama juu ya sufuria mpaka mvuke ukamlowesha uso.

"Yaya, umepika nini?"

"Sombe."

"Unanidanganya. Hii iko maji ya moto."

Nikainama na mimi. Kweli, hakukuwa na harufu, wala ya samaki, wala ya moshi. Tulicheka mpaka kikohozi kikatulaza chini. Mjane wa kaka hakucheka. Alikuwa amelala ameelekea ukuta, na siku ya nne baada ya hapo tulimzika kando ya mume wake. Sisi wawili tukapona.

Miezi michache baadaye alifika mwanamke mmoja kutoka Kindu. Kazi yake ilikuwa labo, kupima damu, na watu wakamwita hivyo, mke wa labo. Alikuwa anatafuta waliougua na kupona, Kasongo na Kabambare. Mdogo wangu alikuwa bado kwangu anajitafutia nguvu za kusafiri. Yule mwanamke alikuja mpaka kwenye baraza yangu, akakataa kiti, akakaa kwenye kigoda cha jikoni kama binti wa nyumba. Hapo ndipo alipotushika.

"Damu ya mutu aliyepona inakumbuka," alisema. "Inatengeneza kingamwili. Ile kingamwili imeshika sura ya ugonjwa. Ugonjwa ukirudi, inaujua, inauzuia."

"Sasa kama damu yangu inaujua," mdogo wangu akamuuliza, "unaitaka ya nini? Iache inifanyie kazi."

"Kwa sababu, koko," akamjibu, kwa jina wanalomwitia bibi, "ugonjwa haubaki na sura moja. Ukipita kwa watu wengi unageuka kidogo, unageuka tena kidogo. Uliowapata ninyi ni mmoja. Sasa kuna mwingine, na huko mbele utakuja mwingine. Tunataka kujua kama damu iliyojua wa kwanza itamjua na huyu mgeni."

"Mutajuaje?"

Akaomba kikombe cha maji na chumvi. Akakoroga, akampa mdogo wangu aonje. Akamwaga nusu, akaongeza maji, akampa tena. Chumvi bado iko? Bado. Akamwaga nusu, akaongeza maji. Bado? Bado kidogo. Akafanya hivyo mpaka mdogo wangu akasema haioni tena.

"Kule Kinshasa tunafanya hivi na damu yenu. Tunaipunguza, tunaiweka pamoja na ugonjwa ndani ya vikombe vidogo kama ukucha, tunaangalia kama inauzuia. Kwa ugonjwa wa kwanza, damu inaweza kupunguzwa mara nyingi na bado inauzuia. Kwa ugonjwa mpya, pengine tunaipunguza mara mbili tu, imeshindwa. Hapo tunajua huu umejifunza kupita."

"Basi ya kwangu musiiongezee maji mengi," mdogo wangu akasema. "Mimi si muchuzi wa kutosheleza wageni."

Mke wa labo alicheka mpaka akafuta macho. Akatuandika, akatupa kila mtu kadi yenye jina na namba, bila picha. Alisema atarudi kila baada ya miezi kadhaa, na kwamba hatuuzi damu, tunaitoa, na anayechoka aseme tu amechoka.

Mimi mishipa yangu imejitokeza, hata kipofu angeichoma. Mara moja, kwisha. Mdogo wangu alichomwa mara tatu mkono wa kuume, mara mbili wa kushoto, ndipo damu ikatoka. Kesho yake mkono ulikuwa mweusi kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Aliuvaa hivyo mpaka Kabambare, akimwonyesha kila mtu njiani.

Ndipo duru ya pili ikafika. Kasongo nilitoa damu yangu mwenyewe. Siku ile ile mdogo wangu akanipigia simu.

"Yaya, wale watu wanakuja kesho kutwa. Mukono yangu inawasikia toka leo. Nitawaambia nimechoka."

"Usiseme umechoka. Yule mwanamke ametuheshimu."

"Basi nitafanya nini? Wananichimba kama wanatafuta kisima."

Nami nikamwambia. Ninaandika hili kwa mkono wangu: mimi ndiye niliyemwambia. "Si uko na wajina wako hapo nyumbani? Mutume."

Inafaa nieleze jambo hili, kwa sababu vijana wa mijini siku hizi wanaona wajina ni mtu tu mliyefanana jina. Kwetu sisi mtoto akipewa jina lako, amekupokea wewe mzima. Mjukuu huyu wa mdogo wangu alipewa majina yake yote mawili. Baba yake, ambaye mdogo wangu alimzaa kwa tumbo lake, alimwita "mama" toka akiwa anatambaa, na kabla ya kumchapa aliomba radhi. Wazee wa soko la Kabambare waliomjua mdogo wangu toka alipoolewa kule walimwita yule binti "mke wangu". Mmoja alikuwa akimsumbua kila siku: "Mke wangu, mbona umenihama?" Binti akamjibu, "Toka ulipohama maji ya kuoga." Soko zima likapiga kelele. Mdogo wangu akialikwa kwenye kikao cha ukoo na miguu inauma, alimtuma binti, na binti aliketi kwenye mkeka wa wakubwa, akapewa kipande cha nyama cha mdogo wangu, na hakuna aliyeuliza. Amekuja mwenyewe, ndivyo tulivyosema.

Kwa hiyo binti alikwenda na kadi. Siku hiyo mke wa labo alikuwa amebaki kwenye vijiji vya huku nyuma, na aliyechoma alikuwa muuguzi wa kule kule, mtoto wa Kabambare. Akasoma jina kwenye kadi, akamwuliza binti jina, likawa hilo hilo. Alijua vizuri kwamba ni wajina. Kwake pia ilikuwa amekuja mwenyewe. Hakuna aliyemdanganya mwenzake pale. Na mdogo wangu, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na mlango, aliwaambia majirani jinsi alivyookoa mkono wake. Wazee wengine waliokuwa na kadi wakatuma na wao wajina zao.

Majibu yalikawia. Mke wa labo aliporudi Kasongo, alinikuta ninaanika mpunga. Akanisaidia kuusambaza kwanza, kisha akaniambia taratibu.

"Koko, damu yako kwa ugonjwa wa kwanza bado iko vizuri. Kwa huu mpya imelegea. Mara mbili tu, imeshindwa. Chanjo ikifika upige sindano, usingoje."

Nikamwambia sawa. Alikuwa na furaha fulani inayomtoka machoni, akashindwa kuificha.

"Lakini Kabambare kuna ajabu. Wazee kadhaa, watu wa umri wako, damu yao inauzuia huu mpya kama vijana. Kuna mmoja amepita wote. Koko, wale watu wanakula nini?"

Nilifikiri anatania. Alikuwa ametoa daftari. Nikamwambia sombe, bugali, uyoga wa masika, samaki wakifika. Akaandika yote, akauliza uyoga gani. Mimi niliweka chini kapu la mpunga, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuelewa.

Yule binti, mjukuu wa mdogo wangu, alikuwa akipeleka mchele Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kuwauzia wachimbaji. Majuma machache kabla ya ile duru ya pili alirudi na homa, mwili wote ukimuuma, koo kama amemeza mchanga. Mimi mwenyewe nilimtumia dawa ya majani kwa mtu wa pikipiki. Wachimbaji wengi waliugua wakati ule. Kwa hiyo damu ya binti ilikuwa imekutana na ugonjwa mpya uso kwa uso, jana tu. Ya mdogo wangu ilikuwa haijakutana nao.

Kesho yake simu ikalia.

"Yaya! Umesikia? Damu yangu imepita ya wote. Munganga ameniambia niko kama musichana wa miaka makumi mbili."

"Ni kwa sababu ni ya musichana wa miaka makumi mbili."

"Unataka kusema nini?"

"Nasema aliyechomwa ni mutoto."

"Mutoto iko mimi."

"Mdogo wangu..."

"Yaya, toka lini? Wewe ulisema nimutume. Sasa unasema si mimi? Basi mimi ni nani? Nimekwisha kufa, jina imebaki kutembea peke yake?"

Hapo nikashindwa. Kumwambia mtu kwetu kwamba wajina wake si yeye ni kama kumzika anakutazama. Nikamwambia hapana, sikusema hivyo, habari ya mguu wako. Tukaongea habari ya mguu.

Ningeweza kwenda hospitali siku hiyo. Ni mwendo wa kumaliza kuosha vyombo. Sikwenda. Niliona haya kwa ajili ya ile furaha ya mke wa labo na uyoga aliouandika. Niliona haya kwa sababu shauri lilikuwa langu. Na kuna sehemu ndani yangu, nisiseme uongo, iliyokuwa bado inaamini. Nilijiuliza, kama binti anaketi kwenye mkeka wa mdogo wangu na ukoo unamsikiliza, damu yake itakataaje? Nilikaa hivyo masika karibu yote.

Chanjo ikafika. Mimi nilipiga sindano Kasongo. Kabambare muuguzi alipita na sanduku la baridi, chupa chache, na chupa ikifunguliwa inatakiwa kumalizika siku ile ile. Alimkuta mdogo wangu barazani, akamwita aje. Mdogo wangu akatoa kadi kifuani, pale alipokuwa akiiweka na rozari yake.

"Wape waliolegea," akamwambia. "Mimi daktari amenipima. Niko nguvu."

Muuguzi akatazama kadi, akapita. Alifanya alivyoona ni haki. Jirani aliyekuwa na pumu ndiye aliyepata ile nafasi, na jirani yuko hai mpaka leo, na sina neno juu yake. Mdogo wangu alinisimulia haya mwenyewe kwa simu, akijisifu. Na mimi nikasema, "Umefanya vizuri." Maneno matatu hata hayakutimia.

Ugonjwa mpya ulipanda kutoka machimboni na wale wanaobeba bidhaa kwa pikipiki. Simu iliyofuata haikuwa ya mdogo wangu. Ilikuwa ya binti.

"Koko, yeye haamuki vizuri. Anapumua kwa mabega."

Nilifunga vitenge viwili kwenye gunia. Lakini kabla ya kutafuta pikipiki nilipita kwanza hospitali. Mke wa labo alikuwepo, amekuja kwa duru ya tatu, anapanga vichupa vyake kwenye trei. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, nikaanza na shauri langu la simu, nikamaliza na kadi kifuani.

Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, glavu bado mikononi.

"Koko, mimi nimekwisha kuandika. Nimetuma Kinshasa. Nimeandika kwamba kule wazee wengine bado wanauzuia."

"Si wazee," nikamwambia. "Ni watoto wenye majina ya wazee."

"Wangapi?"

"Sijui wangapi. Lakini ukinisomea orodha, nitakwambia nani ana wajina na anakaa nyumba gani."

Akafunga daftari. Nilifikiri ananifukuza. Akasema, "Twende wote."

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Njia ile siisemi sana, anayeijua anaijua. Mvua ilikuwa imekula pande zote mbili, na penye madaraja ya magogo tulishuka tukavuka kwa miguu, tukiwaacha wenye pikipiki wasukume. Tulifika Kabambare siku ya pili mchana, na tope limetukaukia mpaka masikioni.

Mdogo wangu alikuwa hospitali, kitanda cha dirishani. Palikuwa na mashine moja ya hewa kwa vitanda viwili, inatembea kwa jenereta, na wagonjwa walipokezana. Zamu yake ilikuwa imemalizika. Binti alikuwa ameketi kitandani nyuma yake, amemwegemeza kifuani ili akae wima. Walivaa kitenge kimoja.

Mdogo wangu akafungua macho, akamwona mke wa labo na barakoa yake.

"Umekuja... kuniuliza ninakula nini?"

Mke wa labo akapiga magoti kando ya kitanda. "Nimekuja kukusalimia, koko."

Mdogo wangu akanigeukia mimi. Yeye alinijua toka tumboni, hakukuwa na haja ya kumficha.

"Umewaambia," akasema.

"Nimewaambia."

"Umewaambia mimi si yeye."

"Nimewaambia damu yake si damu yako. Hilo tu."

"Iko neno moja."

"Si neno moja, mdogo wangu. Tulifikiri ni moja. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Alipumua, akapumua tena, kila pumzi kama mtu anayepandisha ndoo. Kisha akautoa mkono chini ya kitenge, ule wa kuume, akaunyoosha mbele ya mke wa labo, ngozi na mfupa.

"Chukua," akasema. "Hii iko yangu. Tafuta pole pole. Leo sina haraka."

Mke wa labo aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Hakuuchoma.

"Hapana, koko. Leo tunza nguvu."

"Ona huyu." Mdogo wangu akajaribu kucheka. "Nikikataa, anataka. Nikitaka, anakataa."

Alikaa siku mbili zaidi. Asubuhi ya tatu, zamu yake ya mashine ilipofika, hakuihitaji tena. Binti alikuwa bado amemwegemeza, akaendelea kumwegemeza mpaka wanawake wakaja wakamtoa vidole kimoja kimoja.

Kwenye kilio binti aliwekwa kwenye mkeka wa mbele. Watu wa Kabambare, Wakristo kwa Waislamu, walipita wakimsalimia kwa jina la marehemu, ambalo ni lake pia. "Bado tuko na wewe," walimwambia. "Hujatuacha." Ndiyo faraja yetu, ndiyo tuliyorithi, nami nilipita mstarini nikamsalimia hivyo hivyo.

Mke wa labo alibaki nyuma, karibu na ua. Baada ya maziko nilimfuata.

"Kama angepigwa ile sindano, angepona?"

"Sijui, koko. Wengi wanapona. Wengine hapana."

"Sema tu."

"Sijui. Siwezi kukwambia nisichokijua."

Nilitaka aseme hapana. Ningelala. Alikuwa mtu wa haki, akaninyima.

Kesho yake tulianza kuzunguka. Alinisomea jina kutoka orodha, nami nikamwambia: huyu wajina wake ni mtoto wa binti yake wa tatu, anakaa nyuma ya soko, huyu hana wajina, yule waliyempa jina alikufa kwa surua, damu hii ni yake mwenyewe, iache, huyu ana wajina wawili, mvulana na msichana, tuwaulize wote. Alipiga mstari, akaandika upya. Tulipomaliza, ile ajabu ya Kabambare ilikuwa imekwisha. Waliobaki wenye damu kali walikuwa vijana, wengi wao wametoka machimboni. Wazee wote walikuwa kama mimi, wamelegea. Na ile chupa ya kwanza ya mdogo wangu, iliyotoka kwa mishipa yake baada ya kuchomwa mara tano, ilikuwa bado imehifadhiwa kwenye baridi kule Kinshasa. Baadaye waliitoa wakaipima na ugonjwa mpya. Mke wa labo ndiye aliyenipigia simu kuniambia. Ilishindwa upesi, kama yangu.

Chanjo nyingine zililetwa, na nilikwenda na muuguzi nyumba kwa nyumba kwa sababu wazee walikuwa wakali. Mmoja, yule yule wa sokoni aliyekuwa akimwita binti mke wake, alisimama mlangoni na fimbo.

"Unasema mujukuu yangu si mimi? Unaniita maiti mbele ya nyumba yangu?"

"Nasema mkono wako huu hapa, na haujachomwa chanjo."

"Nimeheshimiwa toka zamani kwa jina hili!"

"Heshima yako ibaki. Nipe bega."

Alilitoa bega akigeuza uso. "Chomeni," akasema, "lakini muandike kwamba nimekasirika." Muuguzi akaandika kweli, akamsomea. Mzee akaridhika kidogo. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mdogo wangu aliniachia neno. Nikamwambia hakuacha neno, aliacha mkono. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Binti ndiye tuliyemwacha mwisho. Alikuwa amekataa kuja mara mbili. Alisema akiandikwa peke yake, basi bibi yake atakuwa ameondoka kweli, na kilio kizima watu wamemwambia hajaondoka, sasa amsikilize nani? Nilikwenda nikaketi naye jikoni, tukachambua mchele bila kuongea habari hiyo. Mchele ulipokwisha nikamwambia yaliyokuwa moyoni mwangu, kwamba mkeka wa mdogo wangu ni wake, na kipande cha nyama ni chake, na baba yake ataendelea kumwita mama mpaka atakapozeeka. "Lakini damu," nikamwambia, "hiyo Mungu amekupa wewe peke yako. Mimi nilichanganya. Nisaidie."

Akavaa, akaja.

Meza ilikuwa imewekwa kwenye kibaraza cha kituo. Mke wa labo alikuwa na daftari jipya. Kwenye lile la zamani nilikuwa nimemwona akiandika neno moja, marehemu, mbele ya jina la mdogo wangu, na alilifunika kwa kiganja binti alipokaribia, asilione likisimama mbele ya jina lake.

"Jina?" akauliza, ingawa alilijua.

Binti akanitazama. Akayataja yote mawili.

"Mwaka wa kuzaliwa?"

Akakawia. Kisha akausema wake mwenyewe, akaweka mkono mezani, na mke wa labo akampa namba mpya.